Jinsi ya kuhamisha michango ya daraja la pili kutoka NSSF: mwongozo kwa waajiri na wafanyakazi wa Kenya

Kujitoa NSSF hakumaanishi kuacha kuchangia. Sheria ya Kenya haina mlango wa kukwepa makato ya uzeeni kwa aliyeajiriwa, na anayeutafuta atapoteza muda wake. Uliopo ni mlango mdogo wa pembeni: mwajiri anaweza kuomba sehemu moja ya michango, ile ya daraja la pili (inayokatwa kwenye sehemu ya juu ya mapato, kama hesabu ya hapa chini inavyoonyesha), iende kwenye skimu ya pensheni iliyosajiliwa badala ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF. Kwenye payslipu makato yanabaki. Kinachobadilika ni mfuko unaopokea hela, na nani ataulizwa zikikosekana.

Mambo mawili yaeleweke kabla ya kugusa fomu yoyote. Kwanza, ombi ni la mwajiri. Mfanyakazi mmoja mmoja hawezi kwenda mwenyewe akasema yeye anatoka, hata kama ana mpango wake mzuri wa pensheni kwenye kampuni ya bima. Pili, daraja la kwanza halihami. Hilo ni la NSSF, kwa kila mwajiri na kila mfanyakazi.

Hesabu yenyewe

Haya yote yanatokana na Sheria ya NSSF Nambari 45 ya 2013, iliyokuja kuondoa utaratibu wa zamani wa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri. Ilikaa mahakamani karibu miaka kumi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliibatilisha Septemba 2022, Mahakama ya Rufaa ikaifufua tarehe 3 Februari 2023, na makato mapya yakaanza mwezi uo huo. Februari 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha kesi Mahakama ya Rufaa isikizwe upya, lakini makato hayakusimama. Kwa anayeandaa mishahara, maana yake ni moja: endelea kulipa.

Kila upande hutoa asilimia 6 ya mapato, na mapato hayo hukatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza huanzia sifuri hadi kikomo cha chini. Asilimia 6 ya hapo ndiyo daraja la kwanza. Kipande cha pili hutoka kikomo cha chini hadi kikomo cha juu. Asilimia 6 ya hapo ndiyo daraja la pili. Kwenye mafomu na payslipu utayaona yameandikwa Tier I na Tier II. Vikomo vimekuwa vikipanda kila Februari:

2023: 6,000 na 18,000
2024: 7,000 na 36,000
2025: 8,000 na 72,000
2026: 9,000 na 108,000

Kwa hiyo kuanzia Februari 2026, anayelipwa 108,000 au zaidi hutoa 540 za daraja la kwanza na 5,940 za daraja la pili, jumla 6,480, na mwajiri wake vivyo hivyo. Anayelipwa 15,000 hutoa 540 na 360. Anayelipwa 8,500 hana daraja la pili kabisa: 510 zake zote ni za daraja la kwanza, na kuhamisha hakumhusu.

Je, inakufaa?

Ikiwa kampuni tayari ina skimu ya wafanyakazi, jibu karibu kila mara ni ndiyo. Bila kuhamisha, mfanyakazi anakatwa mara mbili, NSSF kamili na skimu kamili, na mwajiri naye analipa mara mbili. Ukihamisha, mchango wa skimu unaweza kuhesabiwa kuwa ndani yake mna daraja la pili. Hapo ndipo nafuu ilipo.

Ila nafuu hiyo ina bei, na wengi hawaisemi mbele ya wafanyakazi. Fedha zisizokatwa mara mbili leo ni fedha ambazo hazitakuwepo mtu akistaafu. Uamuzi unaweza kuwa wa busara kabisa, lakini uitwe jina lake: ni kupunguza akiba ya uzeeni ili mshahara wa mkononi uongezeke.

Kampuni isiyo na skimu ina njia mbili. Kuanzisha skimu yake mwenyewe kunahitaji wadhamini, msimamizi, meneja wa uwekezaji na benki ya kutunza mali, pamoja na ukaguzi wa hesabu kila mwaka. Kwa kampuni ya watu 30 huo ni mzigo usio na sababu. Njia ya pili ni skimu mwavuli, ambapo waajiri wengi wanakaa chini ya wadhamini wamoja na kugawana gharama. Wengi wanaohamisha kwa mara ya kwanza huishia hapo.

Na kuna wasiopaswa kuhangaika. Chukua duka lenye wafanyakazi watano wanaolipwa 15,000 kila mmoja. Daraja la pili la mtu mmoja ni 360 zake na 360 za mwajiri; kwa watano ni 3,600 kwa mwezi. Ada yoyote ya kudumu itakula sehemu kubwa ya hizo, na karani atakuwa na malipo mawili ya kuandaa badala ya moja. Abaki NSSF.

Mtego wa mshahara wa msingi

Hapa ndipo maombi mengi yanapojikwaa, kwa hiyo tupige hesabu polepole. Skimu nyingi za kampuni huhesabu mchango kwa mshahara wa msingi. NSSF nayo, kwa desturi ya mifumo ya mishahara, huhesabiwa kwa mshahara ghafi, marupurupu yakiwemo. Skimu inayotaka kupokea daraja la pili lazima ipokee angalau kiasi ambacho NSSF ingepokea.

Mfano: mshahara wa msingi 45,000, marupurupu ya nyumba 15,000, ya usafiri 10,000. Ghafi ni 70,000. Skimu inatoza asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila upande, yaani 2,250. Daraja la pili kwa vikomo vya 2026 ni asilimia 6 ya 61,000, yaani 3,660. Skimu imepungukiwa na 1,410 kwa kila upande. Mwajiri aliyedhani mchango wake wa zamani unatosha amekosea, na kosa hilo litajirudia kila mwezi kwa kila mwenye marupurupu makubwa.

Dawa yake ni kurekebisha kanuni za skimu ziseme kwamba mchango utakuwa ule mkubwa kati ya viwili: asilimia ya skimu, au daraja la pili la mwezi huo. Kuandika kiasi maalumu cha shilingi kwenye kanuni ni kujitafutia kazi, maana vikomo vikipanda utalazimika kurekebisha tena. Kwa mfanyakazi wetu, kanuni hiyo inampa 540 za NSSF na 3,660 za skimu, jumla 4,200. Bila kuhamisha angetoa 4,200 kwa NSSF na 2,250 kwa skimu, jumla 6,450.

Weka safu moja kwenye jedwali la mishahara inayolinganisha viwango hivyo viwili kwa kila mtu, kila mwezi. Usipime kwa wastani wa kampuni, kwa sababu upungufu wa mtu mmoja haufidiwi na ziada ya mwenzake.

Kuchagua skimu

Omba skimu mbili au tatu zikupe kwa maandishi faida zilizogawia wanachama kwa miaka mitano mfululizo, baada ya kutoa gharama zote. Mwaka mmoja mzuri hausemi kitu. Omba pia jumla ya ada: ya usimamizi, ya uwekezaji, ya kutunza mali, ya wadhamini, na kamisheni ya wakala kama ipo. Wengine hutoza asilimia ya michango, wengine asilimia ya mfuko wote. Ya pili huonekana ndogo mwanzoni, halafu hukua kadiri mfuko unavyokua.

Asilimia moja si kitu kidogo. Mtu anayeweka 100,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 30, mfuko ukikua kwa asilimia 10, atakuta takriban milioni 16.4. Ukikua kwa asilimia 9, kwa sababu asilimia moja imekwenda kwenye ada, atakuta milioni 13.6. Milioni 2.8 zimeondoka bila mtu yeyote kuiba.

Uliza pia kama mfuko una dhamana au unafuata soko. Mfuko wenye dhamana, unaouzwa na kampuni za bima, huahidi kiwango cha chini cha faida hata soko likianguka, na hulipia ahadi hiyo kwa kubaki na sehemu ya faida miaka mizuri. Mfuko unaofuata soko hupanda na kushuka. Kwa kampuni yenye vijana wengi, wa pili una mantiki. Kwa yenye wazee wa miaka 55 wengi, fikiria mara mbili.

Swali la mwisho, ambalo mawakala hulipitia haraka: je, mfumo wenu unaweka akaunti ya daraja la pili peke yake kwa kila mwanachama? Fedha hizo zina ulinzi wa kisheria tofauti na michango mingine ya skimu, na lazima zionekane kando hadi mtu atakapostaafu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukijibiwa kwamba watazitenganisha baadaye, tafuta skimu nyingine.

Kuzungumza na wafanyakazi

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi anapobadilisha masharti ya ajira, na kiwango cha mchango wa skimu mara nyingi kimo kwenye mkataba. Penye chama cha wafanyakazi, kimo pia kwenye makubaliano ya pamoja. Itisha mkutano, andika kumbukumbu, pitisha karatasi ya sahihi. Ukipuuza hatua hii, malalamiko yatakuja siku payslipu ya kwanza inapotoka, na hutakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Waeleze kwa mfano wa mtu wa kawaida kazini hapo, usiwape asilimia tupu. Na uwaambie waziwazi jambo hili: daraja la pili lililohamishwa limefungwa. Katika skimu ya kawaida, anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu anaweza kuchukua michango yake na nusu ya ile ya mwajiri. Kwa fedha za daraja la pili hilo halipo. Zitamfuata kwenye skimu nyingine iliyoidhinishwa au zitasubiri, lakini hazitoki kwa sababu kazi imeisha. Wapo wanaounga mkono uhamisho wakidhani watazipata mapema kuliko NSSF, na hasira yao baadaye humwangukia afisa wa rasilimali watu.

Ombi kwa RBA

Anayeidhinisha uhamisho ni Mamlaka ya Kusimamia Malipo ya Kustaafu, RBA. NSSF haiidhinishi, hujulishwa. Ombi ni la maandishi na lifike angalau siku 60 kabla ya tarehe unayotaka kuanza. Panga nyuma kutoka hapo: ukitaka kuanza Julai, kanuni za skimu ziwe zimerekebishwa na wafanyakazi wawe wamekutana kufikia mwisho wa Machi, ombi lifike mwanzoni mwa Aprili. Siku 60 hizo ni za ombi lililokamilika. Bahasha yenye karatasi pungufu hurudishwa na saa huanza upya.

Andaa kwa pamoja barua ya mwajiri inayotaja tarehe na skimu itakayopokea, fomu ya RBA iliyojazwa, cheti cha usajili wa skimu, hati ya udhamini na kanuni pamoja na marekebisho, orodha ya wafanyakazi wanaohusika na ushahidi kwamba walishirikishwa. Skimu inayoahidi kiasi maalumu cha pensheni badala ya kulimbikiza michango itahitaji pia hesabu za aktuari, mtaalamu wa hesabu za bima na pensheni. Kwenye skimu mwavuli, karatasi nyingi za skimu tayari zipo kwa msimamizi. Kazi yako ni zile za kampuni. Hakikisha jina la kampuni kwenye barua, kwenye usajili wa NSSF na kwenye mkataba wa kujiunga na skimu ni moja, herufi kwa herufi. Kampuni inayojulikana kwa jina la biashara lakini imesajiliwa kwa jingine huchelewa kwa sababu hiyo tu.

Wakati unasubiri, daraja zote mbili zinakwenda NSSF kama kawaida. Usizuie daraja la pili ukidhani utalipeleka kwenye skimu idhini ikitoka. Huo ni upungufu wa mchango, na adhabu ni yako. Pia usitarajie idhini irudi nyuma. Kilicholipwa NSSF kabla ya tarehe yake kipo kwenye akaunti ya mwanachama huko.

Mwezi wa kwanza na Februari zote

Idhini ikishatoka, peleka nakala NSSF na usubiri ithibitishwe kwamba kampuni imewekwa kwenye kundi la wanaolipa daraja la kwanza pekee. Kwenye mfumo wa mishahara, tenga mistari miwili na uipe majina yaliyo wazi, usije ukakuta mwaka mzima "pensheni" ni mchanganyiko usiofumbulika. Mchango wa NSSF wa mwezi unatakiwa ufike kabla au ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Lipa skimu siku hiyohiyo. Ukiitengea skimu siku yake, ndiyo itakayocheleweshwa mwezi fedha zikibana, na kila siku ya kuchelewa ni faida inayompotea mwanachama.

Kisha kuna Februari. Kikomo cha chini kinapopanda, sehemu ya mchango huhama kutoka daraja la pili kwenda la kwanza. Mfanyakazi wa 30,000 mwaka 2025 alitoa 480 na 1,320. Kuanzia Februari 2026 ni 540 na 1,260. Jumla ni 1,800 miaka yote miwili, kwa hiyo mhasibu anayeangalia jumla haoni kitu. Kwa kampuni ambayo haijahama, kosa hilo halina madhara makubwa, maana hela zote zinaishia sehemu moja. Kwa iliyohama, NSSF imepunjwa 60 za mfanyakazi na 60 za mwajiri. Wafanyakazi 40 wa namna hiyo ni 4,800 kwa mwezi, na miezi 12 ni 57,600, ambazo tayari zimekaa kwenye skimu zikiwa zimefungwa. Kuzitoa huko ni kazi kubwa, kwa hiyo kampuni huishia kulipa upya kutoka mfukoni mwake. Kila Februari, chukua payslipu tatu, ya mshahara mdogo, wa kati na mkubwa, upige hesabu kwa mkono kabla ya kuruhusu malipo.

Wafanyakazi wapya huleta tatizo jingine. Mtu anaajiriwa tarehe 3, fomu ya kujiunga na skimu haijajazwa hadi tarehe 28, na mchango wake wa kwanza unapelekwa bila jina au unakaa kwenye akaunti ya kampuni. Weka fomu ya skimu kwenye bahasha ileile ya mkataba wa kazi, pamoja na ya warithi. Namba ya kitambulisho ikikosewa tarakimu moja, mchango hukaa pasipojulikana mwenyewe hadi siku ya kustaafu.

Kwa upande wa kodi, tangu tarehe 27 Desemba 2024 mchango wa mfanyakazi hadi 30,000 kwa mwezi hauhesabiwi kwenye mapato yanayotozwa kodi. Zamani kikomo kilikuwa 20,000. NSSF na skimu huhesabiwa pamoja. Anayechangia 26,000 kwenye skimu na 540 NSSF yuko salama. Angekuwa hajahama, 26,000 na 6,480 zingempitisha, na 2,480 zingetozwa kodi.

Kwa mfanyakazi ambaye mwajiri amehama

Omba taarifa ya akaunti kutoka pande zote mbili, NSSF na skimu, angalau mara moja kwa mwaka, uzilinganishe na payslipu za miezi 12. Ile ya NSSF ionyeshe daraja la kwanza pekee tangu tarehe ya kuhama, nayo ya skimu ionyeshe daraja la pili kwa mstari wake, la kwako na la mwajiri kwa kiasi sawa. Kitu cha kwanza cha kutazama ni mwezi wa kuhama wenyewe, maana hapo ndipo mchango hupotea kati ya mifuko miwili: NSSF imeambiwa umehama, skimu bado haijakuandika. Ukikuta pengo, anza na idara ya mishahara ukiwa na payslipu mkononi. Isipojibu, andikia wadhamini wa skimu, kisha RBA.

Ukibadilisha kazi, uliza kabla ya kusaini kama mwajiri mpya amehama au yuko NSSF kamili. Fedha zako za zamani zitahitaji maagizo yako ya maandishi ili zihamie skimu mpya. Usipoyatoa zitabaki zilipo, kwenye skimu ya kampuni uliyoiacha, na taarifa zitaendelea kutumwa kwenye barua pepe ya kazini ambayo huwezi kuifungua tena.